Leseni ya Kufundisha Marekani: Mpangilio wa Hatua kwa Mwalimu Aliyesomea Afrika Mashariki na Kongo

Swali linaloulizwa tena na tena na walimu wanaozungumza Kiswahili waliohamia Marekani, au wanaojiandaa kuhamia huko, ni kama cheti cha ualimu kilichopatikana Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo kinatambuliwa katika shule za serikali za nchi hiyo. Jibu ni kwamba cheti hicho hakimpi mwenyewe ruhusa ya kuingia darasani moja kwa moja, lakini mara nyingi kinahesabiwa kama sehemu kubwa ya masharti, mradi kiwasilishwe kwa mamlaka inayohusika, kwa utaratibu unaotakiwa na kwa mpangilio sahihi. Mpangilio huo ndio unaowaangusha wengi: wapo wanaolipia tathmini ya shahada kabla ya kujua jimbo linakubali tathmini ya nani, na wapo wanaoanza shahada upya ilhali walibakiza mitihani miwili tu. Makala haya yanaeleza hatua hizo pamoja na makosa yanayogharimu muda na fedha.

## Mamlaka ni ya jimbo

Marekani haina leseni ya taifa ya ualimu. Katiba ya shirikisho haitaji elimu, na Marekebisho ya Kumi ya katiba hiyo yanaviacha visivyotajwa mikononi mwa majimbo, kwa hiyo kila jimbo lina sheria yake, chombo chake cha kutoa leseni na orodha yake ya masharti. Serikali ya shirikisho iliwahi kujiingiza kwa karibu zaidi kupitia sheria ya elimu iliyotiwa saini Januari 2002, ambayo iliweka kigezo cha pamoja cha mwalimu mwenye sifa za juu, lakini sheria ya Desemba 2015 iliyochukua nafasi yake ilikiondoa kigezo hicho na kurudisha uamuzi kwa majimbo.

Vyombo ambavyo msomaji atakutana navyo vinatofautiana kwa muundo na kwa masharti:

- California ina tume maalumu ya vyeti vya walimu, CTC, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1970. Leseni ya awali hudumu miaka mitano, na ndani ya muda huo mwalimu hutakiwa kukamilisha mafunzo ya uangalizi kazini ili apate leseni kamili.
- Texas ina bodi ya vyeti, SBEC, inayofanya kazi pamoja na idara ya elimu ya jimbo, TEA. Mwalimu aliyesajiliwa nje ya nchi huweza kupewa cheti cha mwaka mmoja, na ndani ya mwaka huo hufanya mitihani ya jimbo.
- Minnesota ina bodi ya PELSB, iliyoanza kazi Januari 2018, na leseni za madaraja manne: la kwanza la mwaka mmoja, la pili la miaka miwili, la tatu la miaka mitatu na la nne la miaka mitano.
- New York hutoa cheti cha awali cha miaka mitano kupitia idara ya elimu ya jimbo, na humtaka mwalimu awe na shahada ya uzamili ili apate cheti cha kudumu zaidi.

Kutokana na tofauti hizo, ndugu au rafiki aliyepata cheti Houston hawezi kuwa kipimo kwa mtu anayeishi Minneapolis, hata kama walihitimu chuo kimoja na mwaka mmoja. Ushauri wake usikilizwe, kisha ulinganishwe na maandishi ya chombo cha jimbo husika, kwa sababu masharti hubadilika na yaliyokuwa sahihi miaka mitatu iliyopita huenda yamefutwa.

## Maswali matatu kabla ya kulipa chochote

Kabla ya kutoa senti moja, mwombaji ajibu kwa maandishi maswali yafuatayo:

1. Ni jimbo gani ambalo ana uhakika wa kuishi kwa miaka michache ijayo?
2. Ni somo gani na ngazi gani ya wanafunzi anayotaka kufundisha? Leseni hutolewa kwa somo na kwa ngazi, na aliyefundisha Historia na Jiografia sekondari atakuta somo lake limewekwa ndani ya kundi pana la masomo ya jamii, lenye uraia na uchumi wa Marekani ndani yake.
3. Je, ana kibali cha kufanya kazi Marekani?

Swali la tatu huchanganywa sana na leseni, na mchanganyiko huo umewatia wengi hasara. Leseni ya ualimu haimpi mtu haki ya kuishi wala kufanya kazi nchini, na kibali cha kazi hakimpi mtu leseni. Hivyo ni vitu viwili vinavyotolewa na serikali mbili tofauti, ya jimbo na ya shirikisho. Zaidi ya hayo, jimbo lina nafasi ya kuweka masharti yake kuhusu uraia. Mwaka 1979, katika kesi ya Ambach dhidi ya Norwick, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba New York iliruhusiwa kumnyima cheti mgeni anayestahili uraia ambaye hakuonyesha nia ya kuuomba. Majimbo mengi hayaweki sharti kali kiasi hicho, na New York yenyewe imelegeza utaratibu wake tangu wakati huo, lakini uamuzi huo unatosha kumfanya mwombaji asome masharti ya uhamiaji katika fomu ya jimbo lake kabla ya kusoma kitu kingine.

Kwa mwalimu ambaye bado yuko nyumbani, njia inayotajwa mara kwa mara ni viza ya J-1 ya kubadilishana walimu. Viza hiyo humtaka awe na uzoefu wa kufundisha wa miaka miwili angalau na atimize masharti ya jimbo atakalofundisha, na kwa kawaida huishia miaka mitatu, pamoja na uwezekano wa kuongezewa. Lengo la mpango huo ni mwalimu arudi kwao na alichojifunza, kwa hiyo anayeuza shamba au nyumba kwa kudhani kwamba J-1 ni hatua ya kwanza ya ukaazi wa kudumu anajiweka mahali pa hatari.

## Nyaraka: kazi ya kufanya kabla ya kupanda ndege

Hakuna hatua inayochelewesha maombi kuliko nyaraka, na hakuna hatua iliyo rahisi zaidi kuikamilisha mtu akiwa bado karibu na chuo chake. Zinazohitajika kwa kawaida ni hizi:

- transkripti kamili ya chuo, ambayo mara nyingi hutakiwa kutumwa na ofisi ya msajili moja kwa moja kwa taasisi ya tathmini, ama kwa mtandao ama katika bahasha iliyofungwa na kugongwa muhuri;
- cheti cha shahada au stashahada;
- vyeti vya kidato cha nne na cha sita kwa waliosoma Tanzania, KCSE kwa waliosoma Kenya, au diploma ya serikali ya kumaliza sekondari kwa waliosoma Kongo;
- barua kutoka mamlaka inayosimamia walimu, kwa mfano TSC ya Kenya, inayothibitisha kwamba mwombaji amesajiliwa na hana shauri la nidhamu;
- barua ya mwajiri inayotaja miaka, madarasa na masomo aliyofundisha;
- barua ya chuo inayofafanua mazoezi ya kufundisha.

Barua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo ambayo makala haya yanaitilia mkazo kuliko nyingine zote. Katika transkripti nyingi, mazoezi ya kufundisha, ambayo wanachuo wa Tanzania huyaita BTP na wa Kenya huyaita TP, huonekana kama mstari mmoja wenye jina la somo, uniti na alama. Mtathmini anayeusoma mstari huo akiwa ofisini Milwaukee hana namna ya kujua kwamba unabeba wiki nzima nzima za mwanachuo kusimama mbele ya darasa lililojaa, kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, na kukaguliwa na mkufunzi aliyeketi dawati la nyuma na fomu yake mkononi. Majimbo huyahesabu mazoezi hayo kwa wiki au kwa saa, na pale ambapo hesabu haipo mwombaji huambiwa ayarudie. Kwa hiyo barua itaje jina la shule, tarehe za kuanza na kumaliza, idadi ya wiki, masomo na madarasa yaliyofundishwa, na idadi ya mara ambazo mkufunzi alikuja kukagua.

Kosa la pili katika nyaraka ni majina. Cheti cha kidato cha nne kinaweza kuwa na majina matatu, shahada ikawa na mawili, na pasipoti ikabeba jina la mume au tahajia nyingine kabisa, kama vile Muhamed kwa Mohamed. Kiapo cha kuthibitisha majina, kilichoapwa mbele ya wakili au hakimu, huandaliwa kwa siku moja Kigoma au Kisumu. Kukipata mtu akiwa Ohio ni kazi ya miezi.

Waliosoma kwa Kifaransa wanahitaji tafsiri rasmi, na mtafsiri asiwe mwombaji mwenyewe wala ndugu yake. Tafsiri ifuate maandishi neno kwa neno, bila kubadili alama kuwa za Kimarekani, kwa sababu kubadili alama ni kazi ya mtathmini. Hapa waombaji wa pande zote waambatanishe ufafanuzi wa madaraja uliotolewa na chuo: asilimia 70, ambayo kwa chuo kikuu cha Kenya au Tanzania ni daraja la A na kwa Kongo ni alama ya heshima, itaonekana ya kawaida mno kwa msomaji wa Marekani asiyeujua mfumo huo.

## Tathmini ya shahada

Tathmini ni ripoti inayoeleza shahada ya kigeni inalingana na nini katika mfumo wa Marekani. Serikali haiandiki ripoti hizo. Huandikwa na taasisi binafsi, ambazo nyingi zinazotambulika ziko katika jumuiya iitwayo NACES, iliyoanzishwa 1987. Hata hivyo, kuwamo katika jumuiya hiyo hakutoshi kila mahali. California, kwa mfano, ina orodha yake ya taasisi zilizoidhinishwa, na ripoti iliyotoka nje ya orodha hiyo haisaidii kitu, hata iwe imelipiwa na kuandikwa vizuri namna gani.

Zipo aina mbili za ripoti. Ya kwanza hutaja shahada kwa jumla tu, na hutumika zaidi kwa ajira za kawaida. Ya pili huorodhesha kila somo, uniti zake na alama yake, na hii ndiyo inayohitajika kwa leseni ya ualimu, kwa kuwa jimbo hutaka kuona mwombaji alisoma nini hasa katika somo lake na katika mbinu za kufundishia. Anayenunua ya kwanza kwa sababu ni rahisi zaidi hulipa mara mbili.

Msomaji aliyepata shahada ya miaka mitatu, kama ilivyo katika programu nyingi za ualimu za Tanzania, huuliza kama itahesabiwa kuwa shahada kamili wakati shahada ya kwanza ya Marekani kwa kawaida huchukua miaka minne. Taasisi za tathmini hazina msimamo mmoja kuhusu jambo hili. Inafaa kuambatanisha matokeo ya kidato cha sita, kwa kuwa baadhi ya watathmini huyahesabia masomo ya ngazi hiyo kama ya mwaka wa kwanza wa chuo, na inafaa pia kuiandikia taasisi kabla ya kulipa na kuiuliza inavyozitathmini shahada za nchi husika. Kama ripoti ya kwanza haikuridhisha, ipo haki ya kuomba ipitiwe upya, na mwombaji asikubali neno la mdomo kwamba shahada yake haifai.

## Mwenye stashahada au cheti afanyeje?

Kwa mwalimu wa Daraja la Tatu A wa Tanzania, wa P1 wa Kenya, au aliyehitimu sekondari ya ualimu Kongo, ukweli ni mgumu: leseni ya kawaida ya kufundisha msingi au sekondari hutaka shahada ya kwanza, na uzoefu wa miaka ishirini hauondoi sharti hilo. Zipo hata hivyo njia tatu zinazostahili kuchunguzwa.

Ya kwanza ni kuhamishia masomo ya stashahada katika chuo cha Marekani ili yahesabiwe, badala ya kuanza mwaka wa kwanza. Ya pili ni elimu ya ufundi, ambapo majimbo mengi hutoa leseni kwa kuzingatia uzoefu wa kazi katika ufundi wenyewe. Fundi umeme au mpishi aliyefundisha katika chuo cha ufundi, kama vile vya VETA Tanzania, aichunguze kabla ya nyingine zote. Ya tatu ni uanagenzi wa ualimu, ambapo mtu huajiriwa shuleni na kulipwa huku akisomea shahada. Tennessee ilikuwa jimbo la kwanza kuidhinishwa na Wizara ya Kazi ya Marekani kuendesha mpango wa kudumu wa aina hiyo, Januari 2022, na majimbo mengine yamefuata.

## Mitihani na alama za vidole

Majimbo mengi hutumia mitihani ya Praxis, na mengine, kama Texas, yana mitihani yao. Mwombaji asijiandikishe kabla ya kupata kwa maandishi namba ya mtihani unaohitajika kwa somo na jimbo lake, kwa sababu mitihani yenye majina yanayofanana ni mingi. Aulize pia kama barua ya chuo inayosema kwamba masomo yalifundishwa kwa Kiingereza inaweza kumwondolea mtihani wa lugha. Alama za vidole, ambazo hutumika kuchunguza kama mwombaji ana kesi ya jinai, huchukuliwa mahali palipoidhinishwa na jimbo, na zilizochukuliwa kwa ajili ya uhamiaji hazitumiki hapa.

## Njia mbadala na tahadhari zake

Njia mbadala ni mpango unaomruhusu mwenye shahada ya fani nyingine kufundisha kwa mshahara kamili huku akisomea ualimu. New Jersey iliuanzisha mpango wa namna hiyo kuanzia 1984, na Texas imeupanua kuliko majimbo mengi, ikiruhusu hata kampuni za biashara kuuendesha. Njia hii inamfaa mwenye shahada ya sayansi au hisabati asiye na mafunzo ya ualimu. Kwa aliyekwisha kusomea ualimu nyumbani huenda ikawa gharama isiyo na sababu, na anapaswa kwanza kuomba kama mwalimu aliyehitimu nje ya nchi.

Kabla ya kujiunga na mpango wowote, ahakikishe mambo haya:

- mpango umo katika orodha ya jimbo ya mipango iliyoidhinishwa kwa mwaka huo;
- ada yote imetajwa, pamoja na itakayodaiwa akiacha katikati;
- ana shule iliyo tayari kumwajiri, kwa kuwa bila ajira cheti cha muda hakitolewi;
- kama mafunzo ni ya mtandaoni, chuo kimeandika kwamba yanatimiza masharti ya leseni ya jimbo analoishi. Sheria ya shirikisho huvitaka vyuo vinavyopokea fedha zake kueleza jambo hilo, hivyo chuo kinachokwepa swali kiepukwe.

## Kazi za kushika wakati wa kusubiri

Msaidizi wa mwalimu katika shule zinazopata fedha za shirikisho kwa ajili ya watoto wa familia maskini hutakiwa awe amesoma miaka miwili ya chuo au afaulu mtihani maalumu, na mwenye stashahada mara nyingi hufikia kiwango hicho. Kazi ya kushikilia nafasi ya mwalimu asiyekuwapo ina masharti tofauti kila jimbo. California hutaka shahada yoyote, kwingine cheti cha sekondari kinatosha. Shule za binafsi katika majimbo mengi huruhusiwa kuajiri mwalimu asiye na leseni, ingawa mishahara yake aghalabu ni midogo.

Baadhi ya wasomaji huona kazi hizi zinawashusha hadhi. Lakini zinampa mtu barua ya mkuu wa shule anayemfahamu, na humzoesha mambo ambayo hakuna mtihani unaoyafundisha, kama namna ya kumtuliza mtoto bila kiboko na namna ya kumwandikia mzazi barua pepe. Hatari iko katika kuzoea. Mshahara wa msaidizi ni mdogo mno ukilinganishwa na wa mwalimu, na inasikitisha kuona mtu aliyefundisha Fizikia kidato cha sita akimaliza mwaka wa sita akipanga viti katika darasa ambalo mwalimu wake ana leseni ya dharura na hajawahi kuisoma Fizikia. Anayeingia katika kazi hiyo ajiwekee tarehe ya kuwasilisha maombi ya leseni na aiheshimu.

## Mawakala

Hakuna wakala anayeweza kuharakisha leseni, kwa kuwa maombi huwasilishwa na mwalimu mwenyewe katika mfumo wa jimbo, kwa nywila yake. Anayedai ada kubwa kwa kutafuta kazi, viza na leseni kwa pamoja achunguzwe kwa makini. Mwaka 2012 baraza la wazee wa mahakama ya shirikisho huko California liliamuru kampuni moja ya uwakala na mmiliki wake walipe dola milioni 4.5 kwa walimu wa Ufilipino wapatao 350 waliopelekwa Louisiana, ambao wengi wao walitozwa karibu dola 16,000 kila mmoja. Dalili zinazopaswa kumsimamisha mwombaji ni tatu: kutakiwa kuacha pasipoti, kutakiwa kusaini mkataba wa asilimia ya mishahara ijayo, na kuahidiwa leseni bila kutajiwa jimbo.

## Kuhama jimbo na kuhuisha leseni

Aliyekwisha kupata leseni huamini kwamba anaweza kuitumia popote. Yapo makubaliano baina ya majimbo yanayoratibiwa na NASDTEC, jumuiya ya mamlaka za vyeti vya ualimu za majimbo, na upo mkataba mpya wa walimu kuhamahama ulioanza kuwa na nguvu 2023 baada ya majimbo kumi kujiunga, lakini jimbo la pili bado linaweza kudai mitihani yake au kozi yake, na leseni za muda kwa kawaida hazihamishiki. Anayejua kwamba atahama akamilishe kwanza leseni kamili katika jimbo alipo, akiweza.

Leseni huisha muda, na kuihuisha kunataka ushahidi wa mafunzo. Texas hudai saa 150 kila miaka mitano, na vyeti vya semina vikipotea saa hazihesabiki, kwa hiyo kila kimoja kihifadhiwe siku kinapotolewa.

Mwisho ni fomu ya maswali kuhusu makosa ya jinai na nidhamu, ambayo hujazwa kila wakati wa kuomba na wa kuhuisha. Majimbo hupeana taarifa za walimu walionyang'anywa leseni, na alama za vidole hufichua kesi hata ya miaka mingi iliyopita. Kosa dogo lililoelezwa wazi na kuambatanishwa na hati ya mahakama mara nyingi husameheka. Lililofichwa huhesabiwa kuwa udanganyifu, na udanganyifu katika fomu unatosha peke yake kuwa sababu ya kunyimwa leseni. Mwombaji asiyeelewa swali asibahatishe jibu: ampigie simu ofisa wa jimbo au amwone wakili kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma.